Chafya Kumi na Moja za Mwali

Nyumba ya Bi Mwajabu ilikuwa na vyumba vitano, na tangu ijengwe haijawahi kulaza watu pungufu ya tisa. Mwenyewe alizaa mtoto mmoja tu, ila hakuweza kuona mtu anapita na mzigo kichwani bila kumwita akae, anywe maji, aeleze anakotoka, anakokwenda, na waliobaki huko wanaendeleaje, hasa wale wenye mambo yao. Kwa hiyo kaka yake, Mzee Shaabani wa Mohoro, alipopiga simu kusema binti yake Yasmin ameposwa, Bi Mwajabu hakungoja kuombwa.

"Harusi kwangu," alisema. "Huko bondeni kwenu watu watafikaje? Mie nipo barabarani hapa Kibiti, uwanja ninao, masufuria ninayo, kivuli cha mikorosho kimezunguka nyumba nzima. Mlete mwali nimuweke ndani wiki mbili. Shangazi mtu ana kazi gani nyingine duniani?"

Mwali akaletwa. Mchumba alikuwa Abdulswamadu, kijana wa Mahege mwenye shamba la korosho, mpole, mrefu, na mwenye aibu ya kula mbele za watu. Wapo waliosema binti kapangiwa na wazee. Bi Mwajabu alijua si kweli, kwa sababu usiku wa kwanza tu alisimama nje ya mlango wa mwali, akiwa anapita kwa bahati mbaya kwa muda wa nusu saa, akamsikia Yasmin anacheka na simu chini ya shuka mpaka chaji ikakata. Mtu hachekeshwi hivyo na mume wa kupangiwa.

Siku ya tatu Yasmin akaanza kwenda chafya.

Si chafya moja ya mtu aliyepaliwa na vumbi. Zilikuja saba, nane, mfululizo, kila asubuhi, na baada yake pua inachuruzika maji na macho yanakuwa mekundu kama ya mpishi wa shughuli. Bi Mwajabu kwanza alisema ni mafua, akamfukiza mvuke wa mchaichai. Kisha akasema ni jicho la mtu, akachoma ubani. Ubani ulipoongeza chafya akajua sasa ni jicho la mtu wa karibu, akamkumbuka jirani yake Bi Zaitun, ambaye alikuwa shoga yake wa damu na ndiyo maana alimjua vizuri.

Siku ya nane akamfunika mwali baibui na ushungi wa juu, akampeleka zahanati jioni watu wakiwa wamepungua. Nesi Maimuna alimtazama, akampima joto, akamuuliza maswali yake, kisha akasema, "Hana homa. Kamasi ni maji matupu. Macho yanawasha, koo linawasha kwa ndani, na kwao Mohoro hakuwa hivi. Bi Mwajabu, kwako si kuna mikorosho?"

"Kumi na miwili. Na yote imechanua, uje uone."

"Basi ndiyo hiyo. Haya ni mafua ya mzio, hayaambukizi wala hayaletwi na jicho la mtu. Ua likichanua linatoa unga mwembamba, unaitwa chavua. Upepo unaubeba, unaingia puani. Wewe na mie mwili unaupuuza. Mwili wa Yasmin unadhani amevamiwa na adui, unafungulia maji yote kumtoa."

"Anapigana na unga?"

"Anapigana na unga. Sasa sikiliza. Asubuhi dirisha lifungwe. Nguo zake zisianikwe chini ya mikorosho. Akitoka nje akirudi anawe uso, anawe nywele, abadili khanga. Pua aisafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Kwenye matundu ya pua apake mafuta ya mgando, ule unga unase hapo. Na hiki kidonge cha Piritoni, kimoja usiku tu, maana kinalaza. Vipo vingine visivyolaza, hapa vimekwisha, kavinunue duka la dawa mjini."

Bi Mwajabu aliitikia yote. Njiani akakutana na watu wanne waliotaka kujua wametoka wapi, na alipomaliza kuwaeleza kwamba hawakutoka popote, duka la dawa lilikuwa limefungwa. Kesho yake walikuja wageni kumi na wanne na gunia la vitunguu, na habari ya vidonge visivyolaza ikapotea huko kwenye vitunguu.

Ila mengine aliyafanya. Nguo zikaanikwa uani. Piritoni ikamezwa usiku. Dirisha likafungwa, tena si kufungwa tu, alilisokomeza matambara kwenye nyufa. Yasmin akapata nafuu, akawa anaenda chafya mbili tatu za kawaida, akarudi kucheka na simu.

Ingeishia hapo, lakini mwezi uliopita Bi Zaitun alikuwa ameozesha mpwa wake Warda, na chumba cha Warda kilipambwa maua ya plastiki kutoka Dar, mekundu na meupe, na taa ndogondogo zinazowakawaka. Watu walikuwa hawajamaliza kuyasema. Mpaka kisimani mtu alikuwa anachota maji anasema maua ya Warda. Bi Mwajabu yalikuwa yamemkaa kooni. Basi siku moja kabla ya harusi, alfajiri, akapanda kigoda, akakata matawi ya mkorosho yenye maua yake ya waridi yanayonukia utamu, akayaingiza chumbani kwa mwali. Akafunga nguzo zote nne za kitanda. Akazungushia kioo. Akatundika mengine juu ya mlango, mtu akiingia yanamgusa kichwa. Akarudi nyuma akatazama, akaona plastiki ya Zaitun imekufa na kuzikwa.

"Shangazi," Yasmin alisema kutoka kwenye mkeka, "hayo maua si ndiyo..."

"Mwali hasemi."

"Lakini nesi kasema..."

"Nesi kasema dirisha lifungwe, na limefungwa. Huo unga unakuja na upepo. Humu una upepo?"

Upepo haukuwemo. Yasmin akafungua mdomo kujibu, ikaja chafya, na nyuma yake nyingine, na Bi Mwajabu akatoka kwenda kuangalia mchele.

Siku yenyewe ya harusi jua lilichomoza na watu sitini uwanjani, na hao walikuwa wapishi na jamaa zao tu. Saa tano ikafika gari, Noah nyeupe kutoka Mahege, vioo juu, kiyoyozi kinanguruma, ndani yake bwana harusi na wazee wake. Sheikh Abdulrazaq alikuwa tayari barazani. Huyu sheikh alikuwa mtu wa utani, mpenda halua, lakini kwenye idhini ya mwali alikuwa hana mchezo hata kidogo. Miaka ya nyuma aliozesha binti aliyekuwa analia, akaambiwa ni aibu ya mwali, akafunga ndoa, na wiki haikupita yule binti akakimbilia kwake kumweleza kwamba alilazimishwa. Tangu hapo aliapa: akiona chozi, haozeshi mpaka ajue chozi la nini.

Desturi inajulikana. Sheikh na mashahidi wawili wanakwenda kwa mwali, wanamuuliza kama ameridhia na mahari yake anataka nini. Mwanamwali akinyamaza, kukubali kwake ndiko huko, na mahari huwa keshamnong'oneza shangazi. Bi Mwajabu alikuwa ametumia siku tatu kumfundisha Yasmin kunyamaza.

Sheikh aliinama chini ya maua ya mlangoni akaingia, na nyuma yake Mzee Shaabani na Mzee Nasibu, shahidi, ambaye alisoma chuoni zamani na alikumbuka nusu ya kila kitu. Yasmin alikuwa amefunikwa khanga ya njano kitandani, katikati ya nguzo nne za maua.

"Yasmin binti Shaabani," sheikh alianza, "baba yako anataka kukuozesha kwa Abdulswamadu. Je, umeridhia?"

Kimya. Bi Mwajabu akaanza kutabasamu. Kisha ile khanga ikainuka kidogo, ikatetemeka, ikapasuka chafya iliyotikisa kioo.

"Alhamdulillah," ilisema khanga.

"Yarhamukillah," wakaitikia wote, Mungu akurehemu, maana ni wajibu.

"Yahdikumullah," khanga ikawarudishia, Mungu awaongoze.

"Kakubali," Mzee Shaabani alisema. "Kamshukuru Mungu."

"Kamshukuru kwa chafya," sheikh alisema. "Swali langu bado lipo pale pale. Yasmin, umeridhia kuolewa na Abdulswam..."

Chafya. Alhamdulillah. Yarhamukillah. Yahdikumullah.

"Umeridhia ku..."

Chafya. Alhamdulillah. Yarhamukillah. Yahdikumullah.

Ya nne ilipokuja sheikh alinyoosha mkono. "Ya nne haina jawabu, huyo sasa ana mafua. Mfunueni uso nimuone."

Bi Mwajabu hakutaka, ila akafunua. Wanja ulikuwa umeshuka mpaka kidevuni. Macho mekundu, yamevimba, machozi yanatiririka mawili mawili, na pua nayo haikubaki nyuma. Yasmin akajaribu kusema kitu, akaishia kwenda chafya mara saba nyingine bila kituo.

"Huyu analia," sheikh alisema, na utani wote ukamtoka.

"Si kilio, sheikh, ni unga," Bi Mwajabu alisema.

"Unga gani?"

"Wa ua. Anapigana nao."

Hapo Mzee Nasibu akakohoa. "Chuoni tulisoma," alisema, "chozi la furaha ni baridi, chozi la huzuni ni moto. Liguswe."

Wanaume haiwahusu kumgusa, na baba mtu alikuwa amegeukia ukuta. Bi Mwajabu akanyoosha kidole, akagusa shavu, akatafakari.

"Likoje?" Mzee Nasibu aliuliza.

Angesema baridi mambo yakaisha. Lakini alikuwa na udhu, na sheikh anamtazama. "Vuguvugu," alisema.

"Vuguvugu hatukusoma," Mzee Nasibu akakiri.

Sheikh akasimama. "Nitarudi baada ya Adhuhuri. Sina chuki na mtu, Bi Mwajabu. Ila binti asiponijibu leo, mie siozeshi."

Nje, wanawake walikuwa wamebanana ukutani kama dagaa, na Bi Zaitun alikuwa anahesabu kwa vidole. "Kumi na moja," alimwambia Bi Mwajabu alipotoka. "Chafya kumi na moja na machozi juu. Shoga yangu, mtoto hamtaki huyu mwanamume. Mwili wenyewe unamkataa."

"Mwili unakataa unga."

"Na mwanamume mwenyewe anauza nini? Korosho. Mti ule ule. Mie sisemi kitu, natazama tu."

Hakusema kitu kwa watu wasiopungua arobaini. Habari ikavuka jamvi ikafika upande wa wanaume kabla sinia la kwanza halijatoka jikoni: bibi harusi analia, analazimishwa. Abdulswamadu akaacha kula, na kwa kuwa tangu mwanzo alikuwa hali chakula mbele za watu, hakuna aliyetambua tofauti. Baba yake alitambua. Alimuita Mzee Shaabani pembeni, akasema kwa adabu kwamba wao Mahege hawachukui mtoto wa mtu kwa kilio, na kwamba kama leo haikuwezekana, basi waiache mpaka korosho zikishauzwa, mwakani Mungu akipenda.

Bi Mwajabu akasikia. Mwakani. Alimuona Yasmin na simu yake chini ya shuka, mwaka mzima, anacheka mpaka kicheko kimwishie. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akachukua Piritoni.

"Shangazi, ya usiku nilimeza," Yasmin alisema kwa sauti ya puani. "Nesi kasema usiku tu. Shangazi, tatizo si dawa, ni haya ma..."

"Mwali hasemi. Meza."

Baada ya Adhuhuri sheikh akarudi na mashahidi wake. Khanga ya njano ilikuwa imetulia. Hakuna chafya, hakuna mtikisiko.

"Yasmin binti Shaabani, umeridhia kuolewa na Abdulswamadu?"

Kimya.

Bi Mwajabu akahesabu moyoni mpaka tano. Kimya kizuri, kimya cha mwali aliyefundwa. "Kanyamaza, sheikh," alinong'ona. "Mmesikia wote."

"Nimesikia," Sheikh Abdulrazaq alisema. "Subiri nisikie tena."

Wakatega masikio. Kutoka chini ya khanga kukatoka mkoromo mdogo, wa heshima, ukafuatiwa na mwingine usiokuwa na heshima.

"Aliyelala akinyamaza," sheikh alisema, "amekubali kulala."

Mzee Shaabani alikaa kwenye kigoda, akashika kichwa. Mzee Nasibu akasema habari ya mwali aliyelala nayo hawakuisoma. Sheikh hakukasirika, ila alitazama saa yake. Baada ya Magharibi alikuwa anatakiwa kwingine. "Nampa mpaka Alasiri," alisema. "Akiamka mwenyewe, bila kumwagiwa maji."

Bi Mwajabu alikwenda akakaa nyuma ya jiko, peke yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuona akilifanya. Hapo ndipo Nesi Maimuna alipomkuta. Alikuwa ametoka zamu, amevaa gauni lake la shughuli, kashika zawadi ya vikombe sita.

"Mwali anaendeleaje?" aliuliza.

"Amelala."

"Mchana huu? Ulimpa kidonge?"

Bi Mwajabu akaangalia moto.

"Bi Mwajabu. Nilisema nini?"

"Kimoja usiku. Nikaongeza kimoja mchana. Lakini dirisha nilifunga, nesi, wallahi nililifunga, nikatia na matambara. Upepo haupiti hata wa kuzimia mshumaa. Sijui huo unga unaingilia wapi."

Nesi akaweka vikombe chini, akaenda chumbani. Bi Mwajabu akamfuata, na Bi Zaitun akafuata, na wote waliokuwa karibu wakafuata. Nesi Maimuna alifungua mlango. Tawi la mlangoni likamgusa ushungi, likammwagia unga begani. Akatazama kioo. Akatazama nguzo ya kwanza ya kitanda, ya pili, ya tatu, ya nne. Akatazama dirisha lililosokomezwa. Kisha akakaa sakafuni na gauni lake la shughuli, akacheka mpaka yeye naye akawa anatoa machozi.

"Umemfungia nao," alisema alipopata pumzi. "Umefunga dirisha usitoke."

Bi Mwajabu akayatazama maua yake mazuri. Jambo likamjia polepole, kama mtu anayekumbuka kaacha sufuria motoni. "Lakini haya nimeyakata mwenyewe," alisema, kwa sauti ndogo. "Haya ni ya kwetu."

"Unga hauulizi nani kakata."

Bi Zaitun alikuwa amejiandaa kusema neno, na neno lenyewe lilishafika mdomoni, lakini pale mlangoni alipokuwa amesimama chini ya tawi, likatoka kwa njia ya chafya. Watu wakamuitikia.

Yasmin akaamshwa na kelele. Baada ya hapo nesi alishika usukani. Mwali akatolewa uani kwa mlango wa nyuma, akanawishwa uso, akasuuzwa nywele za mbele, akavishwa khanga safi iliyokuwa ndani ya sanduku. Akaoshwa macho kwa maji safi ya baridi. Akasafishwa pua kwa maji ya chumvi yaliyopoa, jambo ambalo wanawake wote walitaka kuliona na wote walijuta. Akapewa chai ya rangi afungue macho, akapakwa mafuta ya mgando puani. Ikabaki shida moja: wapi pa kumkalisha? Ndani kumejaa unga, nje kuna mikorosho kumi na miwili.

Ni Yasmin mwenyewe aliyenyoosha kidole. Safari hii hakuna aliyemwambia mwali hasemi. "Ile Noah," alisema. "Vioo vimefungwa na ina baridi."

Bwana harusi akahamishiwa kivuli cha mbali, dereva akawasha kiyoyozi, na bibi harusi akaingizwa kiti cha nyuma kabisa, katikati ya tairi la akiba na katoni ya soda. Baada ya Alasiri sheikh akakunja joho lake, akapanda kiti cha kati. Mzee Shaabani na Mzee Nasibu wakabanana pembeni yake. Bi Mwajabu akapanda mbele kwa dereva, maana shangazi ni shangazi. Uwanja mzima ukasogea ukaizunguka gari, pua kwenye vioo.

"Yasmin binti Shaabani," sheikh alisema, akigeuka kwa taabu, "nakuuliza kwa mara ya tatu, na Mungu shahidi. Umeridhia kuolewa na Abdulswamadu?"

Macho ya Yasmin yalikuwa mekundu bado, lakini makavu. Bi Mwajabu akageuka kutoka kiti cha mbele. Alikuwa amemfundisha kunyamaza siku tatu, na sasa aliomba kimoyomoyo asinyamaze.

"Nimeridhia," Yasmin alisema, kwa sauti iliyopita kwenye vioo ikafika jikoni. "Nimeridhia tangu saa tano asubuhi. Mnaniuliza chumba kimejaa maua."

Mzee Shaabani akasema Alhamdulillah, na safari hii haikuwa ya chafya.

"Na mahari yako?" sheikh aliuliza. "Shangazi yako aliniambia msahafu na cherehani."

"Msahafu na cherehani," Yasmin alisema. "Na vidonge vya mafua ya mzio. Vile visivyolaza. Kila mwaka, tangu mkorosho wa kwanza utoe ua mpaka ua la mwisho lianguke. Naolewa na mwenye shamba la korosho, sheikh, sioni kwa nini nisijipange."

Sheikh Abdulrazaq akamgeukia Mzee Nasibu. "Hiyo mliisoma?"

"Hiyo hapana," Mzee Nasibu alisema. "Ila ni halali."

Ndoa ikafungwa barazani kabla jua halijazama. Kipaza sauti kilikuwa cha Bi Mwajabu mwenyewe, alikikodi kikubwa kusudi mpaka ng'ambo ya barabara wasikie, na wakasikia: kwamba Abdulswamadu anamuoa Yasmin kwa mahari ya msahafu, cherehani, na vidonge vya mafua ya mzio visivyolaza, kila msimu. Wazee wa Mahege wakanong'onezana. Abdulswamadu akajibu kwamba amekubali, kwa mahari hayo yote, na kwamba mjini anajua duka. Ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kusema mbele za watu, na baada yake akala sahani mbili za pilau.

Matawi ya maua yalitupwa uani na mbuzi wakayamaliza. Wakati wa kumtoa mwali, Bi Mwajabu alimsindikiza mpaka mlango wa Noah, akamtengeneza ushungi uliokuwa umekaa sawa, akakosa la kusema, hali ambayo Bi Zaitun, aliyekuwa nyuma yake, aliisimulia kwa wiki tatu.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "tangu jana alfajiri ulikuwa unataka kuniambia kitu. Sasa sema. Nakusikiliza."

Yasmin akawatazama mbuzi, akamtazama shangazi yake.

"Nilitaka kusema chumba kimependeza, shangazi," alisema. "Kuliko cha Warda."